Ndege "imethibitika" au "imethibitishwa" vitani?

SWALI: Barazani kwetu Langoni, Lamu, tulibishana juu ya Osprey, ile ndege ya Marekani inayopaa wima kama helikopta kisha ikainamisha rafadha zake na kwenda kama ndege ya kawaida. Mmoja wetu alisema: "Wabishi wanyamaze, ndege hii ya kivita imethibitika na jeshi huko Iraki." Mwingine akasema hicho si Kiswahili, aseme "imejaribiwa vitani". Nani yuko sawa?

JIBU: Ndugu msomaji, aliyekosoa ameliona kosa, ila alilopendekeza lina maana nyingine.

Kitenzi chenye -ik- hakimtaji mtenda. Kikombe kimevunjika, basi; akitajwa mtoto, kimevunjwa na mtoto. Kwa hiyo ni "imethibitishwa na jeshi". Na mtenda akishatajwa, msikilizaji anapata pa kuuliza: ni jeshi lilelile lililoinunua? "Imethibitika" peke yake ni sahihi, lakini humficha shahidi. Nawasihi waandishi wa habari wawe waangalifu nalo mno wanapozungumzia chombo kilichokwisha kuua watu.

"Imejaribiwa vitani" haina jawabu ndani yake. Jahazi jipya la Matondoni likitoka wakati wa kusi limejaribiwa. Kama limerudi zima, hiyo ni habari nyingine. Osprey ilipelekwa Iraki mwaka 2007, ikabeba askari na mizigo. Mwaka 2009 wakaguzi wa Bunge la Marekani waliandika kwamba hatari ilizokutana nazo huko zilikuwa ndogo, na kwamba utayari wake wa kuruka ulikuwa chini ya kiwango kilichotakiwa. Kwa habari hizo ningesema "imetumika vitani", nisizidishe.

Machi 2011 Osprey ilimwokoa Libya rubani wa Marekani ambaye ndege yake ilianguka. Hapo "imefaulu" inakaa vizuri, kwa sababu kufaulu hutaka kujua: katika lipi? "Imefuzu" ni nzito zaidi, kana kwamba mtihani wote umekwisha, na mimi siwezi kuiandika. Mwaka 2000 wanajeshi 19 walikufa katika Osprey moja huko Marana, Arizona. Novemba 2023 nyingine ilianguka karibu na kisiwa cha Yakushima, Japani, wakafa 8, na Osprey za Marekani zikazuiwa kuruka hadi Machi 2024. Zote mbili zilikuwa katika mazoezi. Basi angalieni kazi inayofanywa na kile kiambishi -ni: mkisema "vitani" tu, marehemu hao 27 wanabaki nje ya sentensi. Anayetaka kuipima ndege kwa haki aseme "vitani na mazoezini".

Kuhusu "ndege ya kivita": kazi ya Osprey ni kusafirisha, kwa hiyo iite "ndege ya kijeshi". "Ya kivita" iachieni F-35 na nyingine zinazokwenda kushambulia.