Muulize Kocha: Naliwa mguu wa mbele

SWALI: Shikamoo kocha. Nimecheza ngumi hapa Moshi tangu nikiwa sekondari, sasa nimehamia mapigano mchanganyiko (MMA), yenye mateke na kuangushana. Kwenye sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, napigwa teke la kigimbi mpaka nachechemea, na nikirusha ngumi mbili tu nabebwa miguu. Siku hizi nikitoka mazoezini kichwa kinauma hadi usiku. Wenzangu wanasema nitazoea. (Msomaji, Pasua)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na kichwa, maana hilo halisubiri. Hakuna kuzoea! Kichwa kuuma hivyo baada ya kupigwa inaweza kuwa dalili ya ubongo kutikisika. Simamisha sparingi leo, nenda hospitali, na usirudi mpaka daktari akuruhusu. Kocha wako akikuita mwoga, tafuta mwingine. Max Holloway, mpiganaji wa mapigano mchanganyiko, alijiandaa kupigana na mwenzake Calvin Kattar, Januari 2021, bila sparingi, na akashinda raundi zote tano.

Sasa miguu. Hapa Ngarenaro, Arusha, vijana wanaotoka kwenye ngumi nawajua kabla hawajarusha chochote: vidole vya mguu wa mbele vimegeukia ndani, uzito wote umelalia hapo. Ulingoni kwenye ngumi hakuna wa kukupiga teke, kwa hiyo mkao huo ni sawa. Huku kwenye mapigano mchanganyiko unamtegea mwenzako upande wa nje wa kigimbi. Chini kidogo ya goti, upande huo, mshipa wa fahamu unapita juujuu. Ukipigwa mara mbili tatu, unyayo unakufa ganzi.

Elekeza vidole kwa mpinzani, kunja magoti, gawa uzito ili mguu wa mbele unyanyuke bila kuyumba. Teke likija, geuza goti nje ulipokee kwa muundi, au vuta mguu nyuma.

Kuangushwa nako kunatokana na kubaki palepale baada ya kupiga, miguu imekaribiana, kiuno kimesimama. Daktari akisharuhusu, chora mstari wa chaki sakafuni, simama juu yake na mwenzako. Piga mbili, toka pembeni ya mstari, mguu ulio upande unaoelekea ndio utangulie, miguu isipishane kamwe. Akiwa wa mashoto, mguu wako wa mbele ukae nje ya wake.

Fanyeni hivyo wiki kadhaa kwa kugusana mabega na mapaja tu. Mkianza kupigana, vaeni glovu za wakia 16. Zile za wakia 4 ziacheni kwa siku ya pambano.