Mjomba umeuliza kwa nini yule Mwairishi aliweza na mimi bado

Mjomba shikamoo, na wote mlioko Tanga habari za siku. Nilituma ile picha nimesimama kwenye ngazi za jumba lenye manguzo, nikaandika hii maktaba kaijenga Mwairishi mhamiaji kama mimi. Ukajibu "basi mwanangu na wewe miaka tisa sasa, hata msingi wa nyumba hatujauona". Najua hukusema kwa ubaya mjomba, ila nililala nalo nikaamka nalo, nikaona bora nijibu kwa marefu maana najua wengi hapo nyumbani mnawaza hivyo hivyo, mnaona haya tu kusema.

Yule mtu anaitwa William Brown. Mtaa mzima hapa Liverpool una jina lake, maktaba na makumbusho alitoa hela yake mwenyewe, kama pauni 40,000 za wakati huo, pakafunguliwa 1860. Mimi huwa naingia humo nikiwa off kwa sababu kuna joto na hawatozi kitu, chumbani kwangu hita inakula bili. Kuna ukumbi wa duara, vitabu vimezunguka ukuta mpaka juu. Ndo nikaanza kusoma habari za ukoo wake, na nilichokiona nataka mkijue, kwa sababu mnanilinganisha na mtu ambaye safari yake na yangu hazifanani hata kidogo.

Baba yake, Alexander Brown, alizaliwa 1764 Ballymena, kaskazini mwa Ayalandi, akawa anauza vitambaa vya kitani Belfast. Sio kwamba alikuwa hana kitu. Mwaka 1800 alipohamia Baltimore kule Marekani alikwenda na mke wake na William mtoto wa kwanza, wale wadogo watatu akawaacha shule wakamfuata baadaye, nyie mnasema watu kama hao "walianza na sifuri", lakini mjomba, yule alifika akakuta ndugu zake wametangulia, mfukoni ana mtaji na mzigo wa kitani anao, Desemba ile ile anatangaza gazetini kwamba bidhaa imefika. Mimi nilifika na sanduku moja na deni la nauli, mnalijua, mama aliweka hati ya kiwanja dhamana.

Halafu sasa angalia walivyojipanga, hapa ndo penye utamu wa hadithi yenyewe. Mzee hakuwakusanya watoto sehemu moja. William akaja Liverpool, 1810 akafungua ofisi hapa. John akapelekwa Philadelphia 1818, James New York 1825, George akabaki Baltimore na baba. Kwa hiyo kitani kikitoka huku kinapokelewa na ndugu, pamba ikitoka kule inauzwa na ndugu, hawamlipi mtu baki kamisheni. Na polepole wakaona kumbe hela tamu haiko kwenye nguo, iko kwenye hundi. Yani ni kama hawala ile tunayoijua pwani: mtu wa Marekani kauza pamba Liverpool, anadai pauni, akina Brown wa kule wanainunua hundi yake wanampa dola leo leo, halafu mfanyabiashara mwingine anayetaka pauni za kulipia mzigo Uingereza anauziwa na wao. Kila inapopita mkononi mwao inaacha kitu. Na ilienda kwa sababu William akisema nitalipa, analipa, na baba akiandika barua hata kama inachukua wiki kadhaa baharini, kila mtoto anajua vitabu vya hesabu vya mwenzake vikoje. Mzee anakufa 1834 ni katika matajiri wakubwa wa Marekani.

Mwaka 1837 biashara ya Marekani ikaanguka, makampuni yakafa moja baada ya jingine, na ofisi ya William ikawa inakwenda kufa. Benki Kuu ya Uingereza ikamfungulia mkopo karibu pauni milioni 2, akasimama, akalipa. Mjomba, mimi mwezi wa pili niliumwa wiki mbili, kodi ikachelewa, nikapata barua ya kunitoa chumbani. Sisemi nionewe huruma, nasema hiyo ndo tofauti ya mtu mwenye mgongo na mtu asiye nao.

Na kuna jambo siwezi kulipita. Ile pamba ililimwa na watumwa, watu weusi, kusini mwa Marekani. Wenye mashamba walikopa kwa akina Brown, waliposhindwa kulipa baada ya 1837 mashamba yakaangukia kwao pamoja na mamia ya watumwa ndani yake. Siku niliyosoma hilo nilifunga kitabu nikatoka nje nikakaa kwenye zile zile ngazi za kwenye picha. Ndo maana sijapiga tena picha pale.

Kama mnataka Mwairishi wa kunilinganisha naye wapo, wengi tu. Ayalandi njaa ilipopiga viazi vilipooza, mwaka 1847 peke yake karibu watu 300,000 walishuka bandari hii, wengine wakapita kwenda Marekani, wengine wakabaki kwenye vyumba vya chini ya ardhi wakafa kwa homa ya chawa. Bibi mmoja ninayemhudumia kwenye keya, hii kazi yangu ya kuhudumia wazee majumbani kwao, ukoo wake ulishuka hapo. Nikimkata kucha ananisimulia, mama wa bibi yake alifua nguo za watu mpaka vidole vikapinda, akaonyesha na vyake, "hivi hivi". Hao hawana mtaa wenye jina lao. Mimi niko kundi hilo mjomba. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nazunguka nyumba nane tisa kwa siku, kuogesha, kubadilisha, kulisha, na ajensi ya kwanza niliyofanyia ilikuwa inalipa zile dakika za ndani ya nyumba tu, njiani kwa basi ilikuwa juu yangu, nusu ya siku nilikuwa naifanya bure. Nikitoa kodi, bili, basi, na ada ya viza ninayodunduliza kila mwezi, kinachobaki ndo kile mnachokiona kwenye simu.

Halafu msidhani hata hao wakubwa ughaibuni haukuwagharimu. James wa New York aliweka hela nyingi kwenye meli za mvuke. Septemba 1854 meli yao moja, Arctic, ilitoka hapa Liverpool na watoto wake wakubwa na wajukuu ndani, wanarudi nyumbani. Ikagongana na meli nyingine kwenye ukungu karibu na Newfoundland. Mabaharia wakagombania maboti, hakuna mwanamke wala mtoto hata mmoja aliyeokoka. Watu sita wa familia ya James siku moja. Kaburi lao la kumbukumbu liko Brooklyn, limechongwa meli inazama. Nilipolisoma nilimkumbuka baba, alivyozikwa mimi niko kwenye shifti, namwona kwenye video call anashushwa na network inakatakata.

Sasa naomba niseme la moyoni. Zile hela za msingi nilizituma, 2019 na 2021, mara mbili. Aliyepokea anajijua, zikawa bodaboda na bodaboda ikauzwa. Sijawahi kulisema kwenye familia kwa kumwogopa mama asipate presha. Wale ndugu wanne walitenganishwa na bahari ila daftari lao lilikuwa moja, mimi huku natuma gizani.

Na mdogo wangu anayeuliza aje lini, namjibu hapa hapa: maliza chuo cha ufundi, VETA, kwanza, ufundi umeme huku una kazi, ukija mtupu utakuja kulala kwenye sofa langu na tutakuwa wawili wa kutuma.

Mjomba, wewe ndo mkubwa tuliyebaki naye. Naomba Jumapili saa mbili usiku ya huko mkae wote kwa mama, nitapiga. Kila mtu aje na anachodaiwa na anachodai, mtoto wa shangazi aandike maana ana mwandiko mzuri, halafu ile hati ya kiwanja niione kwa macho yangu kwenye kamera, ukurasa kwa ukurasa.