Timu kubwa ya gemu kufanya kazi nyumbani? Inategemea mmefika wapi

Nimetengeneza gemu nikiwa ofisini na nikiwa nyumbani, katika timu kubwa. Nikiulizwa kama kazi ya nyumbani inawezekana, nauliza kwanza: mradi umefika hatua gani?

Kama imeshajulikana gemu itachezwaje, na kilichobaki ni kujenga leveli, kuchora wahusika na kusaka kasoro, watu wakae nyumbani bila wasiwasi. Mwaka 2020 kampuni ya gemu ya Ubisoft walimalizia gemu ya Assassin's Creed Valhalla wakiwa majumbani, ikatoka Novemba.

Taabu iko mwanzoni, mnapotafuta utamu wa gemu. Mbunifu anarekebisha mruko wa mhusika, anamkabidhi kidhibiti aliye jirani, anamtazama usoni akicheza, anarekebisha tena. Kwenye simu ya video mzunguko huo mfupi hula asubuhi nzima, maana picha inachelewa na vidole vya mchezaji huvioni. Hapo ningewakutanisha wale wachache wenye kauli ya mwisho, japo kwa wiki chache.

Kabla hujamwita mtu mvivu, angalia mitambo. Toleo la siku la gemu kubwa, yaani gemu nzima ilivyofikia siku hiyo ili timu iijaribu, huwa makumi ya gigabaiti. Mwenye intaneti dhaifu atashinda akilipakua. Afadhali kompyuta yake yenye nguvu ibaki ofisini, aiendeshe akiwa mbali. Mafaili ya sanaa nayo, wawili wakiyahariri kwa pamoja, kazi zao haziunganishwi kama za msimbo (maandishi ya programu), ndiyo maana mifumo ya kutunza mafaili ya timu kama Perforce humruhusu anayelihariri faili kulifunga, wengine wasiliguse. Sasa alifunge, azime kompyuta, akalale, na wewe kwako ndiyo kwanza kumekucha! Kila kikundi kiwe na mtu mwenye ruhusa ya kufungua.

Rockstar, watengenezaji wa Grand Theft Auto, waliwarudisha watu ofisini siku tano kwa wiki mwaka 2024, wakitaja usalama na tija. Usalama nauelewa, video za gemu waliyokuwa wakiitengeneza zilivuja 2022. Hoja ya tija hainishawishi.

Anayeumia zaidi ni mgeni wa kazi. Ofisini angesikia wakongwe wakibishana na kujifunza bila kufundishwa. Nyumbani anakwama kimyakimya, anaona haya kuuliza. Mpangie mkongwe mmoja wa kuzungumza naye kila siku, hata kama hakuna ajenda, na muda huo uandikwe kwenye ratiba kama kazi. Usipoandikwa, ndio utakaofutwa kwanza tarehe ya kutoa gemu ikikaribia.