Familia ya watu wanane ndani ya RV: maswali yenu na majibu

Maswali ya mara hii yametoka kwa familia kubwa zilizoko Marekani zinazotaka kukodi RV, lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, kwa likizo ya watoto.

Tangazo linasema RV inalaza watu wanane, nasi tuko wanane. Inatutosha? (Baba wa watoto sita, Louisville, Kentucky)

Kulaza wanane si kusafirisha wanane, baba. Namba ya tangazo huhesabu vitanda, pamoja na meza ya kulia inayogeuzwa kitanda na kile kitanda cha juu ya dereva. Wewe hesabu mikanda. Unaweza kukuta sita tu. Kabla ya kulipa, mwombe mwenye gari akujibu kwa maandishi: kuna mikanda mingapi, na mingapi kati ya hiyo iko kwenye viti vinavyotazama mbele? Kiti cha mtoto hufungwa kwenye kiti kinachotazama mbele tu. Kochi la ubavuni halifai, hata likiwa na mkanda. Kagua na chini ya viti vya mezani: vingine ni mbao iliyovikwa sponji, na gari likipata ajali, mbao hiyo huvunjika.

Mikanda ikipungua, ongezeni gari la pili, au kodini trela ya kuvutwa na familia isafiri ndani ya gari linalovuta. Hakuna anayepanda ndani ya trela ikiwa barabarani. Majimbo mengi yanakataza, na humo hamna mikanda.

Kisha uzito, jambo ambalo wengi hawaliulizi kabisa. Tafuta kibandiko cha njano ndani ya RV kinachotaja uzito wa juu wa abiria na mizigo kwa pamoja. Tuseme kimeandikwa kilo 680. Watu wanane, wakubwa kwa wadogo, wastani wa kilo 50 kila mmoja, ni kilo 400. Tangi la maji safi la lita 150 likijaa ni kilo 150 nyingine. Zimebaki kilo 130 za vyakula, nguo, sufuria, viti na baiskeli, na hizo huisha upesi. Gari lililozidiwa hupasua matairi, na kwenye mteremko mrefu breki hupata moto hadi zikakosa nguvu. Kwa hiyo jazeni maji mkikaribia kambini, si nyumbani.

Siku ya pili choo kilianza kunuka, ya nne kikagoma kushuka. Tulikosea wapi? (Mama wa watoto watano, Columbus, Ohio)

Mara nyingi chanzo ni valvu (koki) ya tangi la choo, lile linalotunza uchafu chini ya gari, kuachwa wazi kambini, kwa kuwa bomba la kumwagia limeshaunganishwa. Maji hukimbia, vigumu hubaki, vikajijenga chini ya bakuli kama kichuguu na kukauka. Valvu hiyo ikae imefungwa mpaka tangi lifike theluthi mbili.

Kabla ya mtu wa kwanza kukitumia, mimina lita 8 za maji pamoja na dawa ya matangi ya RV. Kila anayekwenda haja kubwa ajaze maji nusu bakuli kwanza, ndipo akanyage pedali. Tumieni karatasi ya chooni inayoyeyuka upesi. Tishu zenye majimaji za watoto ziende kwenye pipa la taka, hata kama pakiti inadai zinaweza kumwagwa chooni. Wanaotawaza kwa maji wanalisaidia tangi, ila litajaa mapema.

Wakati wa kumwaga, vaa glavu, unganisha bomba, fungua tangi la choo kwanza. Likiisha, lifunge, ndipo ufungue tangi la maji ya sinki na bafu. Maji yale ya sabuni yatasuuza bomba. Hosipaipu ya maji ya kunywa isiguse kazi hii kamwe.

Kama kichuguu kimeshajijenga, jaza maji hadi robo tatu ya tangi, yaache usiku kucha, endesha gari kidogo yatikisike, kisha mwaga. Rudia ikibidi. Na usiiamini sana taa inayoonyesha tangi limejaa, maana karatasi hunasa kwenye kihisio na taa ikadanganya.

Umeme unakatika kila tukipika. RV ni mbovu?

Huenda ni nzima. Soketi ya kambini ya ampea 30 kwa volti 120 inatoa wati 3,600 tu. Kiyoyozi hula takriban 1,500, birika la umeme 1,500, maikrowevu 1,500. Vitatu pamoja ni 4,500, na breka, swichi ya usalama, inakata umeme kama inavyotakiwa. Zimeni kiyoyozi dakika chache mnapochemsha maji, au chemsheni kwa gesi. Kuiunganisha RV kwa waya wa kurefushia umeme wa nyumbani ni hatari, kwa sababu waya huo hupata moto na plagi huyeyuka.

Ugali wa watu wanane utapikika humo? Na friji je?

Upikeni nje. Vyuma vya jiko la ndani ni vyepesi, na ukianza kusonga unga wa kilo moja na maji ya lita mbili, sufuria inateleza. Jiko la gesi la chini la moto mmoja, lenye miguu mipana, linatosha.

Friji ya RV inayotumia gesi na umeme inataka gari lisimame sawasawa. Likiinama sana, haipoozi. Iwasheni siku moja kabla ya safari, na nyama iingie ikiwa imeshaganda.

Tuweke nafasi wapi?

Hesabuni watu kwanza. Mather, kambi ya hifadhi ya Grand Canyon, inaruhusu watu 6 kwa kiwanja (nafasi moja ya kuegesha na kulala) na RV isiyozidi urefu wa futi 30, kwa hiyo wanane ni viwanja viwili. Nafasi hufunguliwa miezi sita kabla. Katika hifadhi ya Yellowstone, kambi yenye maji, umeme na bomba la maji machafu kiwanjani ni Fishing Bridge pekee, lakini mahema hayaruhusiwi huko kwa sababu ya dubu. Mpango wa vijana wakubwa kulala hemani pembeni hautafaa pale.

Usiku ni baridi. Tuwashe jiko la gesi tupate joto?

Hapana, hata kwa dakika kumi. Jiko linatoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Tumieni hita ya RV, ambayo hutoa moshi wake nje. Kumbukeni tu kwamba feni yake hutumia betri, na pasipo umeme wa kambi betri inaweza kuisha kabla ya alfajiri, hivyo bebeni mablanketi. Siku ya kupokea gari, bonyezeni kitufe cha kujaribia king'ora cha kaboni monoksidi na msome tarehe ya mwisho iliyochapwa juu yake. Kisipolia, msiliondoe gari hapo. Na jiko la mkaa lilale nje, hata kama makaa yanaonekana yamezimika.