Maswali na majibu: Askofu Luka wa Krimea, daktari aliyekataa kuvua kanzu

Kwa nini aliwekwa wakfu kuwa askofu kwa siri?

Mwaka 1923 makanisa mengi ya Tashkent, mji wa Asia ya Kati, yalikuwa mikononi mwa kundi la "Kanisa Hai", lililoungwa mkono na serikali ya Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi. Valentin Voyno-Yasenetsky, ndiye Askofu Luka wa baadaye, mpasuaji, mjane mwenye watoto wanne na kasisi tangu 1921, alisimama upande wa Patriarka Tikhon, mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi. Ikabidi asafiri hadi Penjikent, walikokuwa maaskofu wawili waliohamishwa kwa nguvu. Walimweka wakfu Mei 31. Juni 10 alikamatwa.

Alifungwa muda gani?

Magereza na uhamisho kwa jumla ni kama miaka 11, kwa vipindi vitatu: Siberia hadi Turukhansk, kisha Arkhangelsk kaskazini mwa Urusi, kisha Bolshaya Murta, Siberia tena. Kibaya zaidi kilikuwa cha 1937. Wapelelezi walipokezana zamu huku yeye akinyimwa usingizi, siku 13 usiku na mchana, hata akaanza kuona vitu visivyokuwapo. Lengo lilikuwa akiri ujasusi. Hakukana ukasisi wake.

Kitabu chake cha upasuaji kilikuwa na jipya gani?

Kilitoka 1934, kabla penisilini haijaanza kutumika kama dawa. Wakati ule jipu la ndani liliua kwa sababu mpasuaji alipasua padogo, au mahali pasipofaa. Usaha uliobaki ukapenya katikati ya misuli na mwishowe ukaingia kwenye damu. Luka alieleza, kiungo kwa kiungo, usaha hupita njia gani mwilini na kisu kipite wapi ili utoke wote. Vita ilipozuka 1941 alipasua majeruhi Krasnoyarsk, huku bado akihesabiwa mtu wa uhamishoni. Mwaka 1946 dola iliyomtesa ikampa Tuzo ya Stalin, rubli 200,000. Rubli 130,000 aliwapa yatima wa vita. Tunaomtaja kama daktari tu tunamdhulumu: chumba chake cha upasuaji kilikuwa na ikoni (picha takatifu), na ilipoondolewa aligoma kufanya kazi.

Je, ni mfiadini? Na akumbukwe lini?

Hapana, ni mkiri imani: aliteswa lakini hakuuawa. Alifariki Simferopol Juni 11, 1961, akiwa kipofu tangu 1955 na bado akihubiri. Kalenda ya zamani ya Kanisa, iliyo nyuma kwa siku 13, huandika Mei 29, lakini ni siku ile ile. Parokia za Kenya na Tanzania zinazofuata kalenda mpya ziandike Juni 11. Alitangazwa mtakatifu Krimea 1995, na Kanisa lote la Urusi likafuata 2000. Masalia yake yamo katika kanisa kuu la Utatu Mtakatifu, Simferopol.