Usilipe hiyo gudwili Jumamosi. Nilihama Mombasa nikaenda Kilifi, na nimerudi

Dada wa Mishomoroni, salamu baadaye. Hiyo Jumamosi usilipe kitu.

Nimesoma ulichoandika. Mumeo yuko bandarini, kodi imewashinda, mnataka kuhamia Kilifi karibu na Chuo Kikuu cha Pwani, wewe ufungue pahali pa chakula mkabala na hosteli za wanafunzi. Na yuko dalali "mtu mzuri sana" aliyekuonyesha chumba cha duka, anasubiri gudwili Jumamosi, yaani ile pesa ya kumlipa mwenye biashara anayeondoka ili uchukue nafasi na wateja wake. Ukauliza maji, shule za watoto, usafiri wa mumeo na kodi. Watu wamekujibu, wamekupongeza, mmoja akasema ati Kilifi ni Mombasa bila joto. (Joto liko vilevile nduu yangu, ila kule hakuna wa kukupiga kikumbo ukiwa nalo.) Lakini hakuna hata mmoja aliyekuuliza swali aliloniuliza mke wangu: huo mji umeuona mwezi gani? Nami nikamjibu kwa kiburi.

Mimi niliuona Februari 2025, siku ya Ijumaa, saa saba mchana. Nilisimama kivulini mkabala na kibanda cha chakula nilichokuwa nauziwa mbele ya chuo, nikahesabu sahani. Sahani 63 kwa saa moja. Vijana wamejipanga hadi barabarani, mwingine anakula amesimama, kitabu kakibana kwapani, achari inamchuruzika mkononi. Dalali yuko ubavuni mwangu, haniambii kitu, ananiacha nihesabu. Halafu ananishika bega: "Babu, mgahawa mbele ya chuo ni kama kisima mbele ya msikiti." Mimi nimezaliwa Tudor, nimekula maneno ya madalali tangu nina meno ya utoto, na bado lile liliniingia.

Nilimuuliza swali moja tu la maana. Huyu mwenye biashara, mbona anaondoka na wateja wote hawa? Ati anapanua, anahamia Malindi, amepata pahali pakubwa. Nikasema mashallah. Mtu anauza sahani 63 kwa saa halafu anaondoka mwezi wa tatu, na mimi nasema mashallah! Baadaye nilikuja kujua yule muuzaji ni binamu yake dalali, na kwamba kibanda kile hubadilisha mwenyewe karibu kila mwaka, mwezi uleule.

Hesabu yangu hii hapa, sina haya tena. Gudwili 120,000. Kodi ya duka miezi sita mbele, 12,000 kwa mwezi, ikawa 72,000. Friji, jiko la gesi la macho mawili, karai kubwa, viti vya plastiki na kupaka rangi, 58,000. Robo milioni kamili, akiba ya miaka mitano ya kuendesha tuktuk, na tuktuk yenyewe nikaiuza. Upande wa pili wa daftari: nyumba ya Bamburi nilikuwa nalipa 15,000, Kilifi nikapata vyumba viwili kwa 9,000. Nilikaa miezi saba. Kwa hiyo niliokoa 42,000. Nikihadithia mimi husema "niliokoa", mama watoto hutoka chumbani.

Nilifungua katikati ya Aprili. Wiki mbili za mitihani zilikuwa tamu, wallahi. Mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai na ukwaju mchana, jioni mishikaki. Nilianza hata kumsema vibaya mke wangu kwa shemeji zangu kwamba ni mtu wa kuogopa maisha. Nilijifunza pia pesa ya mwanafunzi inavyotembea: mkopo wa wanafunzi wa serikali, HELB, ukiingia watakula kuku siku tatu, wiki ya pili viazi, wiki ya tatu "baba, niandikie". Daftari la madeni ninalo mpaka leo. Kuna kijana wa mwaka wa pili ananidai chenji ya hamsini nami namdai mia nane, sijui nani atangulie.

Kisha mitihani ikaisha, ikaja Jumamosi moja. Nimeinua mlango wa mabati mapema, naona tuktuk inapita na godoro juu. Nikasema labda mtu anahama chumba. Ikapita ya pili, godoro na ndoo. Bodaboda, godoro limekunjwa kama chapati limefungwa kwa mpira, msichana kakaa juu yake na sufuria mapajani. Kufikia saa tano nilikuwa nimehesabu magodoro 40 na sahani sita. Jumatatu sikuhesabu tena kwa sababu hapakuwa na kitu.

Mei. Juni. Julai. Agosti. Wako wachache waliobaki, wenye utafiti wao na wale wanaorudia mitihani, lakini hao wanapika vyumbani. Asubuhi nakanda unga kilo mbili kwa mazoea, saa nne mbaazi zimefanya ngozi juu, alasiri tui limechacha namwaga. Siku moja nilikaa na karai la mafuta baridi kutoka asubuhi hadi adhuhuri, nzi mmoja ameingia, nikamtazama akiogelea, nikajisemea angalau kuna mteja.

Nikamfuata dalali. Sikuwa na nia mbaya, nilitaka anitafutie mtu wa kununua gudwili yangu, hata kwa nusu bei. Unajua alinijibu nini? "Mwezi huu hakuna anayenunua mbele ya chuo babu, ngoja Februari." Yaani anajua! Ana kalenda nzima kichwani, anajua mwezi wa kuuza na mwezi wa kunyamaza! Nikamwambia mbona hukuniambia habari za likizo. Akasema, kwa upole kabisa, mkono kifuani: "Hukuuliza." Na kweli sikuuliza, hilo ndilo linaloniuma zaidi ya pesa. Mwenye jengo naye akasema gudwili ni baina yako na aliyekuuzia, yeye haimhusu, yeye anataka kodi. Sheria ya wapangaji wa maduka, Sura ya 301, inakulinda usifurushwe bila ilani ya miezi miwili. Mimi sikuwa na shida ya kufurushwa, walikuwa tayari nikae hata miaka kumi. Shida ni kwamba hakuna ilani ya miezi miwili unayopewa wateja wakitaka kuondoka.

Nikajipa moyo, Septemba watarudi. Wakarudi, na wapya pia, na kwa wiki mbili nikawa mtu tena. Tarehe 17 Septemba 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma wakagoma. Wana haki yao, sibishani, walikuwa wanadai pesa zao. Lakini masomo yakisimama, mzazi wa Kitui au Kisii haoni sababu ya kutuma hela ya chakula Kilifi. Niliona magodoro kwa mara ya pili mwaka ule. Kodi yangu ya miezi sita ikaisha katikati ya Oktoba, nikauza friji, mwisho wa mwezi tukarudi Mombasa. Mgomo uliisha tarehe 5 Novemba, mimi nishapanga vyombo Changamwe siku ya tano. Nyumba yangu ya zamani Bamburi ilikuwa imeshapata mtu, kwa 18,000.

Sasa sikiliza. Nenda Kilifi Juni au Julai. Usiende siku moja, panga chumba wiki mbili, wewe na mmoja wa watoto, pesa ya gudwili iache Mombasa kwa mtu mkali. Simama palepale anapotaka kukuuzia, saa saba mchana, uhesabu sahani. Ukiona sahani 20 mji ukiwa mtupu, mimi mwenyewe nitakupigia makofi. Na ukiwa huko utaona jambo ambalo mimi nililiona nimeshachelewa: kule upande wa hospitali kuna mama mmoja ana meza mbili na mwavuli, hana gudwili wala mabango, na mwezi wa Juni alikuwa anamaliza sufuria kabla ya saa nane. Nilimuuliza siri yake. Akanitazama kama mtu mgonjwa: "Wagonjwa huenda likizo?" Hospitali iko pale, kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI kiko pale tangu 1989, ofisi za kaunti ziko pale tangu 2013. Hao wote wanakula Juni, wanakula Desemba, na wahadhiri wakigoma bado wanakula. Mimi kwa miezi minne nilikuwa napita mbele ya meza yake nikienda kununua gesi.

Kodi ya nyumba ni hiyohiyo hadithi. Ukiuliza Septemba, mwenye nyumba hakutazami usoni, ana foleni. Bedsita iliyokuwa 6,000 nilimsikia mwenyewe akiitembeza kwa 4,500 mwezi wa Juni, na anakufungulia mlango yeye mwenyewe. Ila wewe una familia, usichukue karibu na hosteli. Muziki wao huanza wakati wewe unaweka maharagwe motoni. Angalia Mnarani, ng'ambo ya daraja, au uelekee Mkoroshoni ambako wapangaji ni watu wenye watoto.

Maji, uliuliza maji. Yanatoka Baricho, mto Sabaki, ndiyo hayohayo yanayoshuka mpaka Mombasa, kwa hivyo ukidhani unayakimbia matatizo ya maji unayafuata kwao. Kwetu yalikuja siku mbili kwa wiki. Nunua tangi.

Mumeo na bandari: ni kama kilomita 60, na barabara ya Malindi imekuwa ikipanuliwa muda wote niliokuwa huko, Mtwapa ikifunga jioni imefunga. Kama anaingia zamu ya alfajiri atakuwa analala nusu na kula nusu. Mimi ningemuachia chumba hapa mjini siku za kazi, lakini hilo ni lenu, sitaki kuingia ndoa za watu, yangu yenyewe naiendesha kwa msamaha.

Ukimwambia dalali unataka kungoja hadi Juni, atakwambia kuna mtu mwingine anakuja kesho asubuhi na pesa mkononi. Mwambie amuuzie. Mimi nilikuwa huyo mtu wa kesho asubuhi.

Shule sijazungumza, najua. Wangu walisoma miezi saba tu, mwulize mtu aliyedumu. Na ile karai bado ninayo, kubwa, nzito, ya kukaanga viazi vya watu 50 mara moja. Ikifika Julai na umehesabu sahani zako, nitumie ujumbe, nitakuuzia kwa bei ya hasara. Viti vya plastiki ni bure, nane vizima, cha tisa usimkalishe mtu mnene.