Muulize Shangazi: Kisutu au supamaketi?

Shikamoo shangazi, nimehamia Posta, hapa katikati ya jiji, kikazi, nataka hela yangu imfikie mkulima na muuzaji mdogo, ila wenzangu wa ofisini wanasema soko la Kisutu nitapigwa bei. Nifanyeje? – Msomaji, Dar

Marahaba mwanangu. Nenda sokoni! Ila tusidanganyane, muuzaji wa pale mara nyingi sio mkulima, nyanya za Ilula au machungwa ya Muheza yanapita kwa dalali, yanapanda lori, yanashushwa soko la jumla, ndo yafike mezani, kwa hiyo unayemuinua zaidi ni huyo mama wa mafungu, na mimi naona inatosha kabisa.

Kuhusu bei, siku ya kwanza zunguka tu, ulizia meza tatu nne, afu chagua mmoja awe wako, ukishakuwa kastoma anakuwekea nyongeza na anakunong'oneza kabisa papai lipi limelala. Embe subiri Novemba Desemba, zinamwagika na bei inashuka yenyewe. Ila mchicha jamani usiukomalie bei, unabishania mia ya nini?

Beba kikapu na chenji, mifuko ya plastiki marufuku tangu Juni 2019.